Nyuzi kwenye mkojo niliziita fangasi, kumbe ni bakteria, E. coli. Naombeni mnieleweshe

BintiSlaidi aliandika:

Habari za jioni wakuu, wakubwa shikamooni.

Niko mwaka wa pili diploma ya maabara, kwa sasa nipo field kwenye hospitali moja huku Kanda ya Ziwa. Jina la hospitali sitaji, msiniulize.

Jumanne ililetwa sampuli ya mkojo ya mama mmoja, umri thelathini na kitu. Fomu inasema anaumia akikojoa, na ni mara ya tatu tangu Januari. Nikazungusha mkojo kwenye sentrifuji, nikamwaga maji ya juu, tone la mashapo kwenye slaidi, kifuniko juu, lenzi ya 40. Seli nyeupe zimejaa mpaka zinapandana. Katikati yake kuna nyuzi. Nasema nyuzi kweli, ndefu, nyembamba, zimejipinda kidogo kama tambi zilizoanza kulainika kwenye maji ya moto. Uzi mmoja nilioupima kwa macho ulizidi urefu wa seli nyekundu nane zikipangwa foleni.

Nikaandika "Fangasi, nyuzi zimeonekana". Majibu yakatoka mchana huohuo, daktari akamwandikia mama wa watu dawa ya fangasi.

Jumatano asubuhi nafungua inkubeta, sahani ya CLED (chakula cha kuoteshea bakteria) imejaa makoloni ya njano. Fangasi hata wa dawa hakuna. Nikapaka Gram (rangi za kutofautisha bakteria) kutoka kwenye koloni: vijiti vifupi vya pinki, kipimo cha indole chanya. E. coli huyuhuyu tunayemjua. Msimamizi wangu akaikata fomu yangu kwa kalamu nyekundu mbele ya wenzangu, akasema mimi natibu watu kwa ramli. Mama akapigiwa simu arudi.

Kosa nalikubali. Ila kuna mambo mawili hayaniingii akilini. La kwanza, zile nyuzi zilikwenda wapi? Nilichopandikiza ni mkojo uleule. La pili linaniuma zaidi: leo Alhamisi nimesoma diski (vikaratasi vyenye dawa tunavyoweka kwenye sahani ya bakteria), duara tupu kuzunguka sipro, yaani ciprofloxacin, ni milimita 31, maana yake sipro inamuua vizuri tu. Lakini huyo mama alipotoa mkojo alikuwa siku ya tatu anameza hiyohiyo sipro! Bakteria gani anakufa kwenye sahani na anaishi ndani ya mtu aliyemeza dawa?

---

Mtaalamu_wa_Kijiweni:

Hao minyoo dada. Mpeni mwarobaini.

---

BintiSlaidi:

Asante mkuu, nitamfikishia daktari.

---

MzeeHadubini:

Marahaba binti, na pole. Kalamu nyekundu hata mimi naijua. Mwaka 1991 niliona nyuzi kama zako kwenye mkojo nikaandika "nyuzi za pamba", na juu yake nikamlaumu nesi kwamba kopo lilikuwa chafu. Yule nesi hakunisalimia mpaka nilipohamishwa kituo.

Nianze na swali. Mashapo yenyewe uliyapaka Gram, au Gram uliyofanya ni ya koloni peke yake? Maana slaidi mbichi haina rangi ya kukuambia kitu. Uzi wa Candida, fangasi uliyemdhania, ni mnene, mara tatu nne ya unene wa E. coli, na mara nyingi pembeni yake utaona vichipukizi vya mviringo. Unapomtazama mgeni usimpime urefu kwanza. Mpime unene.

Sasa tambi zako. Sipro inamkuta bakteria akiwa kazini. DNA ya E. coli ni uzi uliosokotwa, na ili aunakili lazima aufumue. Chukua kamba ya katani ya nyuzi mbili, ifunge ncha zote, halafu anza kuzitenganisha katikati. Mbele ya vidole vyako kamba inajikaza mpaka inafanya mafundo. Bakteria ana kimeng'enya cha kuondoa huo mkazo, kinaitwa jirasi. Kinakata DNA, kinapitisha kipande kingine kwenye lile pengo, kinaunga tena. Sipro inakishika kikiwa kimekata na hakijaunga. Mashine ya kunakili ikifika hapo inajigonga, na DNA inavunjika kwelikweli.

Hapo yowe linapigwa. Huko kwenu Ziwa mnajua, yowe likipigwa usiku kila mtu anatoka na alichonacho mkononi. Protini iitwayo RecA inajizungushia kwenye zile ncha za DNA zilizobaki uzi mmoja, na hilo ndilo yowe lenyewe. Kuna protini nyingine, LexA, ambayo siku za amani imekalia jeni kama arobaini hivi, kama mfuniko wa sufuria. LexA ikikutana na RecA iliyokwisha kujizungusha, inajikata yenyewe vipande viwili. Mfuniko umeondoka. Mwitikio huu wote ndio unaoitwa SOS. Jina alilitoa Miroslav Radman miaka ya 1970 kutokana na ishara ya meli inayozama, lakini wa kwanza kuunganisha vipande alikuwa mama mmoja wa Marekani, Evelyn Witkin, aliyekuwa akiwapiga bakteria mionzi ya urujuanimno na kuwatazama wakirefuka. Ndiyo, wakirefuka. Si wewe wa kwanza kushangaa.

Katika jeni hizo arobaini yumo SulA, na huyu ndiye aliyekuponza. Bakteria anapotaka kugawanyika hujijengea pete kiunoni kwa protini iitwayo FtsZ, pete inabana mpaka mmoja anakuwa wawili. SulA inaizuia hiyo pete isijengeke. Kwa hiyo bakteria anakula, anarefuka, ila hagawanyiki. Daftari la madeni likichanika hulikati nusu ukamrithisha mtoto, unaligundisha kwanza.

Wewe ukampeleka kwenye CLED isiyo na dawa. DNA ikaungwa, SulA ikaliwa na kimeng'enya kiitwacho Lon, pete ikajengeka, uzi ukaanza kukatika vipande kuanzia kwenye ncha. E. coli aliyeshiba na kupata joto anaweza kuzaana kila dakika 20. Umemwacha kwenye inkubeta usiku kucha, asubuhi utakuta wapi uzi? Umekuta wajukuu wa vitukuu.

Kuna jambo moja la mwisho, na hili huwa linaninyima raha. Yowe likiendelea muda mrefu hutoka mafundi wa mwisho, UmuC na UmuD. Hao wakifika palipoharibika wanaandika chochote mradi kazi iende. Makosa yao mengi ni hasara tupu kwa bakteria. Ila moja likiangukia kwenye jeni gyrA, pale sipro inaposhika jirasi, usugu umezaliwa. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walitengeneza E. coli mwenye LexA isiyokatika, wakamwambukiza panya, wakamtibu kwa sipro. Wale wenye LexA ya kawaida walizaa usugu. Hawa hawakuzaa. Maana yake sehemu ya usugu inatengenezwa palepale, dawa ikiwa inafanya kazi.

Swali lako la pili nawaachia vijana. Nijuavyo mimi bakteria akiona dawa anaamua kulala, dawa ikipita anaamka.

---

DukaLaKona:

Mzee shikamoo. Nimesoma na nimejifunza, ila mnakimbilia RecA na LexA kabla hamjamuuliza mgonjwa kitu.

Mimi nauza dawa mwaka wa tisa huu. Mtu mwenye UTI ya tatu hajawahi kumeza dawa moja. Dada BintiSlaidi, muulizeni huyo mama kama alianza na "rangi mbili" kabla ya sipro. Hizo ni ampisilini na ndugu zake, nazo zinatengeneza tambi, na kwa njia nyingine kabisa. Bakteria ana kimeng'enya cha kujenga ukuta wa katikati anapogawanyika. Dozi ndogo ya dawa hizi inakiziba hicho, ule ukuta wa ubavuni unaendelea kujengwa, matokeo ni uleule uzi wako. Jambo hili ni la zamani kuliko baba zetu. Gardner wa Oxford aliandika mwaka 1940 kwamba penisilini kidogo isiyotosha kuua inawarefusha bakteria, na wakati huo penisilini yenyewe ilikuwa bado haijamtibu mgonjwa yeyote pale Oxford.

La pili, na hili ndilo langu hasa: aliimeza sipro na nini? Ukiimeza pamoja na ile dawa ya kiungulia ya kutafuna, au vidonge vya kuongeza damu, madini yanaishika dawa tumboni na nyingi inaishia chooni. Inatakiwa imezwe saa 2 kabla ya dawa ya kiungulia au saa 6 baada yake. Nani anawaambia hivyo? Dirishani kuna foleni, mtu anapewa bahasha imeandikwa 1x2, basi. Mnasema bakteria amelala, kumbe dawa haikufika.

---

MzeeHadubini:

Marahaba. Hilo la kiungulia umenipiga chenga, nakubali. La rangi mbili nalo linawezekana. Ila alama kamili usichukue zote: mwaka 2004 ilionekana kwamba ampisilini ikiziba hicho kimeng'enya chako, nayo inaamsha SOS kwa mlango wa nyuma, ingawa DNA haijaguswa. Kwa hiyo hata kwenye rangi mbili yowe langu limo.

---

Mlowezi_wa_Maabara:

Salaam wote. Nasomea hivi vitu Ulaya, na leo majaribio yangu yamegoma, kwa hiyo nina muda.

Mzee wangu, shikamoo. Nikusahihishe kwa heshima mahali pamoja tu: "akiona dawa anaamua kulala". Wengi walikuwa wamelala kabla dawa haijafika.

Mwaka 1944 daktari wa Ireland, Joseph Bigger, alimwaga penisilini kwenye vichupa vya bakteria Staphylococcus. Karibu wote walikufa, lakini kila mara alikuta wachache wamebaki, kama mmoja katika milioni. Akawachukua hao, akawaotesha upya, akawapa penisilini ileile. Wakafa kama wazazi wao, na tena wakabaki wachache. Wangekuwa sugu, watoto wote wangepona. Bigger akaona hawa hawana silaha yoyote, walikuwa tu hawafanyi kazi siku dawa ilipopita. Penisilini inamuua anayejenga ukuta. Asiyejenga, imharibie nini?

Miaka 60 baadaye, 2004, Nathalie Balaban na wenzake waliwapanga E. coli kwenye vijifereji vyembamba wakawapiga picha mfululizo, kabla ya dawa, wakati wa dawa na baada yake. Kisha wakairudisha picha nyuma kumtazama kila aliyepona alikuwa anafanya nini mwanzoni. Walikuwa tayari wamesinzia huku ndugu zao wakizaana. Jeni ni zilezile, chakula kilekile. Ni bahati nasibu ndani ya ukoo mmoja.

Kama mnamjua kamongo, basi mmeelewa. Maji yakipungua anajichimbia kwenye tope na kutulia humo. Mvuvi akipita na nyavu hampati, wala nyavu hazina tatizo.

Hata hivyo Mzee hukukosea kote. Wapo wanaolazwa na dawa yenyewe. Kati ya jeni zinazofunguliwa na SOS kuna TisB, sumu anayojitengenezea bakteria mwenyewe. Inatoboa utando wake, chaji inashuka, nguvu inapungua, shughuli zinasimama. Ilionyeshwa mwaka 2010 kwa sipro hiyohiyo. Ajabu yake ni kwamba yowe lilelile linaloita mafundi ndilo linalowalaza baadhi ya bakteria.

BintiSlaidi, sasa angalia duara lako la milimita 31. Diski inapima mahali bakteria waliposhindwa kuota. Haipimi kama wamekufa. Ndani ya lile duara safi wanaweza kuwamo waliolala, macho yako hayawaoni kwa sababu hawajatengeneza koloni. Kundi la Balaban lilitoa mwaka 2017 njia rahisi ya kuwafichua: ukishasoma duara, ondoa diski ya dawa, weka diski ya glukosi mahali pake, rudisha sahani kwenye inkubeta. Dawa imeshasambaa na kupungua nguvu, waliolala wanapata chakula wanaamka. Kesho unakuta vikoloni ndani ya duara lililokuwa tupu. Mara ya kwanza kuona hilo nilidhani nimechafua sahani.

Kuhusu nyuzi, niongeze njia ya tatu ili muendelee kugombana. E. coli wa mkojo huingia ndani ya seli za ukuta wa kibofu na kuzaana humo. Wakitoka, wengine hutoka wakiwa nyuzi, hata kama mtu hajameza dawa yoyote. Kwa panya imeonekana kwamba uzi mrefu humpa shida askari wa damu kuumeza. Mwaka 2007 mikojo ya wanawake wenye UTI ya kibofu ilichunguzwa, na karibu 4 katika kila 10 ilikuwa na nyuzi hizo. Kwa hiyo kwa slaidi moja huwezi kujua kama ni sipro, rangi mbili au kibofu chenyewe.

---

Mtaalamu_wa_Kijiweni:

Ngoja, sasa nauliza kwa dhati. Kumbe hata nikimaliza dozi kuna waliolala wananisubiri? Basi kumaliza dozi ni hadithi?

---

DukaLaKona:

Wakibaki wachache kinga yako inawamaliza, kwa UTI ya kawaida. Ndiyo maana nitrofurantoini unapewa siku 5, hupewi mwezi. Kwenye kifua kikuu ndiko waliolala wanakutesa. Isoniazidi inawafagia wanaozaana siku za mwanzo, mgonjwa anaacha kukohoa, anaona amepona. Wanaobaki ni wavivu, wanahitaji rifampisini na pirazinamidi, na miezi 6 ya kufuatana nao. Dozi haikupangwa kwa ajili ya wale wanaokufa wiki ya kwanza.

Na wewe acha kununua sipro mbili mbili. Nakujua, ulikuja Jumamosi.

---

Mtaalamu_wa_Kijiweni:

Dunia ndogo.

---

BintiSlaidi:

Nimerudi wakuu. Mzee Hadubini, Mlowezi, DukaLaKona, Mungu awabariki. Jana nilisoma mpaka chaji ikaisha.

Mama alikuja leo asubuhi. Nilimwomba daktari aniruhusu nimuulize maswali mawili. Rangi mbili: ndiyo. Alianza na vidonge vinne vilivyobaki kwenye kabati, vya mtoto wake mkubwa, ndipo akaenda kununua sipro. Kiungulia: anacho, na anatafuna dawa yake "kila nikimeza sipro, maana sipro inanichoma". DukaLaKona, nilikaribia kucheka mbele ya mgonjwa. Daktari amembadilishia, amempa nitrofurantoini, na ya kiungulia ameambiwa aisimamishe kwanza.

Mbali na hayo, sampuli zetu zinakaa kwenye friji mpaka Ijumaa jioni ndipo zinamwagwa. Nikaitoa ya kwake, nikazungusha upya, nikapaka mashapo Gram kama Mzee alivyosema. Nyuzi bado zipo, chache kuliko Jumanne na nyingine zimekatika. Pinki. Nyembamba kama vile vijiti vya Jumatano, ni urefu tu ulioongezeka. Kwenye mmoja nikaona kibonyeo karibu na ncha, kama mtu amebana puto kwa vidole viwili. Sijui kama ni pete ya FtsZ iliyokuwa imeanza kazi au ni macho yangu yanataka iwe hivyo.

Diski ya glukosi hatuna. Niliwaza kulowesha diski tupu kwenye maji ya sukari, nikakumbuka kalamu nyekundu, nikaacha.

Nikamwita msimamizi. Akainama kwenye hadubini, akakaa kimya muda mrefu, akazungusha skrubu ya fokasi mbele nyuma, mbele nyuma. Halafu bila kuinua kichwa akaniuliza, "Spiriti umemwaga sekunde ngapi?"

Nilijua anakotaka kufika. Spiriti ikizidi, hata fangasi, ambaye hutakiwa kubaki zambarau, anatoka pinki.

Nikasogeza slaidi hadi upande wa pili, nilikokuwa nimepaka Staphylococcus wa kontroli, ambaye naye hutakiwa kubaki zambarau, kwenye kioo kilekile, spiriti ileile. Zambarau tupu.